Hell's Gate: Mbuga Ambayo Mwananchi Anaingia kwa Miguu Yake

Katika mbuga nyingi za Kenya, mgeni akishavuka lango hana ruhusa ya kukanyaga ardhi. Hukaa garini tangu asubuhi hadi jioni, akashuka pale tu palipowekwa kibao cha kumruhusu. Sababu inaeleweka, kwa kuwa simba na ndovu hawana mkataba na binadamu. Lakini kanuni hiyo imezaa jambo ambalo hatulisemi vya kutosha: Mkenya asiye na gari, na asiyeweza kulipia la kampuni ya utalii, huijua Maasai Mara kwa televisheni.

Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, haiko hivyo. Hapa unaingia kwa baiskeli au kwa miguu, peke yako ukitaka, ukawapita pundamilia wakila nyasi kando ya njia bila kioo kati yenu. Mbuga yenyewe si kubwa, kilomita 68 hivi za mraba, na ilitangazwa rasmi mwaka 1984. Ina genge la miamba myekundu pande mbili, ina korongo refu lililochimbwa na maji ya kale, na ina mvuke unaotoka ardhini na kuwasha taa za nchi nzima. Kwa maoni yangu, hii ndiyo mbuga yenye haki kuliko zote tulizo nazo, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niende kuitazama kwa siku nzima, peke yangu, bila haraka ya mtu mwingine.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Nilipanda matatu alfajiri eneo la Nyamakima na nikachagua ile inayopita barabara ya chini, ya Mai Mahiu, kwa sababu moja tu: ukuta wa Bonde la Ufa. Barabara hiyo ya mteremko ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, na kando yake kuna kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942, ambalo bado watu husimama kusali. Ukitazama chini unaona Mlima Longonot, mita 2,776, umekaa katikati ya bonde na mdomo wake mpana wa volkano. Ni vizuri kuuona kwanza. Kila kitu utakachokanyaga Hell's Gate, kuanzia vumbi la njiani hadi kuta za korongo, kimetoka katika moto wa aina hiyo.

Naivasha mjini nilibadilisha gari, nikapanda matatu ya kwenda Kongoni kupitia barabara ya kusini mwa ziwa. Wengi niliosafiri nao walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Kwa kilomita kadhaa huoni ziwa, unaona mabanda ya plastiki ya kukuzia waridi, ua baada ya ua, na mitaa ya Karagita na Kamere ambamo wavunaji wa maua hayo wanapanga vyumba. Waridi zinazokatwa hapa asubuhi husafirishwa kwa ndege kwenda kuuzwa Ulaya. Mama aliyekaa karibu nami aliniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akasema ameishi Kamere miaka mingi na hajawahi kuvuka lango la mbuga, ambalo liko umbali wa kutembea kutoka kwake. Jibu lake lilinikaa moyoni siku nzima.

Kwenye njia panda ya kuelekea mbugani kuna vijana wanaokodisha baiskeli. Usiikubali ya kwanza. Bana breki zote mbili, zungusha pedali, uliza kama wana kiraka na pampu, halafu ndiyo mzungumze bei. Kutoka hapo hadi Lango la Elsa ni kama kilomita mbili za kupanda taratibu. Lango limepewa jina la simba jike aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George, na ambaye kitabu cha Joy cha mwaka 1960 kilimfanya ajulikane duniani kote. Nyumba ya Joy, Elsamere, iko ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa ziwa, na siku hizi hupokea wageni. Malipo ya kuingia hufanywa kwa mfumo wa serikali wa eCitizen, hivyo ni vyema kulipa ukiwa bado na mtandao wa simu.

Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) aliniuliza kama niko peke yangu. Nilipomjibu ndiyo, hakunikataza. Alinieleza mambo mawili, polepole kama mtu anayetaka yasikike: nyati akikutazama bila kuondoka, wewe ndiye unayerudi nyuma, na ukifika korongoni, sikiliza utakachoambiwa na askari wa pale.

Nikaingia. Mbele yako, karibu na lango, kunasimama mnara wa mwamba wa mita 25 uitwao Fischer's Tower. Zamani lava ilipanda kwenye koo la volkano, ikapoa humohumo ikawa ngumu. Miaka ikapita, udongo na jivu vilivyoizunguka vikamomonyoka, ikabaki yenyewe. Pimbi wamejaa humo, wanaota jua kwenye nyufa. Masimulizi ya Wamaasai yanasema mwamba ule ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akaambiwa asitazame nyuma, akageuka kutazama boma la wazazi wake mara ya mwisho. Nimesikia watu wakisimulia hadithi hiyo kama onyo kwa wasichana. Mimi nilipokaa chini ya kivuli chake nilimwonea huruma tu, kwani binti gani anayeondoka kwao asiyegeuka?

Jina la Fischer ni la daktari Mjerumani, Gustav Fischer, aliyefika hapa mwaka 1883 akiongoza msafara uliotoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo. Wamaasai walimzuia karibu na mahali hapa, akarudi. Inafaa kukumbuka kwamba njia za kuja bara hazikuanza naye. Watu wa pwani walikuwa wakizipita na misafara yao kabla yake. Mmoja wao, Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa karibu na Gazi kusini mwa Mombasa, alimsimulia mmisionari Thomas Wakefield njia hizo moja baada ya nyingine, pamoja na zile za nchi ya Wamaasai, na masimulizi yake yakachapishwa London mwaka 1870. Hakuna mwamba wenye jina la Sadi. Ningependa vibao vya mbuga viliandike jina hilo siku moja, pamoja na majina ya Kimaasai ya kila kilima, ili mtoto wa shule anayekuja hapa ajue nani alikuwa wapi na lini.

Kutoka hapo njia inanyooka kati ya kuta mbili za miamba, na hapo ndipo raha ya baiskeli inapoanza. Swala tomi, kongoni, ngiri wanaopiga magoti kula, twiga wakivuka bila kuharakisha. Pofu, mkubwa kuliko swala wote, ana woga kuliko wote, anakimbia ukiwa bado mbali. Nyati walikuwa upande wa kushoto, mbali kidogo, nikashuka na kusukuma baiskeli nikiwa karibu na gari la watalii hadi nilipowapita. Chui yumo mbugani, lakini ni nadra kumwona. Ukiwa kwenye baiskeli unagundua pia kitu ambacho garini hukipati: harufu. Leleshwa inanukia kote ukiigusa, na ukikaribia Olkaria, eneo la mvuke, hewa inakuwa na harufu ya kiberiti.

Nilizitazama kuta zile kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya tumbusi. Aina ya Rüppell huzaliana kwenye majabali haya, na alama nyeupe za mavi yao zinazoteremka kwenye mwamba ndizo zinazokuonyesha viota viko wapi. Ndege huyu ndiye anayeshikilia rekodi ya kuruka juu kuliko ndege wote: mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Leo yuko katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kinachomuua zaidi ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba au fisi hupaka mzoga dawa ya wadudu. Anayekuja kuula kwa wingi ni tumbusi, na kundi zima hufa kwa mlo mmoja. Nyaya za umeme nazo huwaua. Tumbusi ndio wanaosafisha nyika, wanamaliza mzoga kabla haujaoza na kueneza maradhi, tena bila malipo, na bado watu wanawaona ni ndege wa nuksi. Nilihesabu waliokuwa wakizunguka juu ya jabali hadi shingo ikauma. Nilitamani yule mama wa Kamere awe pale aone.

Mwendo wa kutoka langoni hadi korongoni ni kilomita saba au nane. Hapo pana kituo cha askari, mahali pa kuegesha baiskeli, na vijana wa Kimaasai wanaowaongoza wageni kushuka. Chukua mwongozaji. Hata kama umezoea milima, hata kama umekuja kutafuta upweke, chukua mwongozaji. Siku niliyokwenda, sehemu ya njia ya chini ilikuwa wazi na sehemu imefungwa, na uamuzi huo ni wa askari kulingana na hali ya hewa.

Korongo la Ol Njorowa lilichimbwa na ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita, wakati mvua zilikuwa nyingi kuliko sasa, Ziwa Naivasha lilijaa hadi likapata mlango wa kutokea upande wa kusini, na maji yake yakapita hapa yakikata jivu gumu la volkano. Kisha nchi ikakauka, ziwa likashuka, mto ukakoma. Leo ziwa halina mto hata mmoja unaotoka ndani yake, lakini maji yake si ya chumvi kama ya Elmenteita au Nakuru, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Wakazi wa mtaa wa Kihoto mjini Naivasha, ambao nyumba zao zimeingiliwa na ziwa miaka ya karibuni lilipopanda, wanajua kwamba ziwa hili halijamaliza habari zake.

Kushuka ni kwa mikono na miguu. Mwongozaji wangu, kijana mpole aliyeniita dada tangu tuliposalimiana, alitangulia na kunionyesha pa kukanyaga, akisubiri kila mara niwe nimesimama imara. Chini, kuta zinakaribiana hadi mahali pengine unaweza kuzigusa zote mbili kwa kunyoosha mikono. Mwamba umelainishwa na maji, una mawimbi na matumbo, kama chungu ambacho mfinyanzi hajakiondoa mikononi. Juu unabaki ufito wa anga. Kuna mahali maji ya moto yanachuruzika kutoka ukutani, na mwongozaji aliniambia nisiyashike kabla hajayajaribu yeye. Chini ya ardhi ya hapa moto uko karibu sana. Mvua inayopenya chini hukutana na mwamba wenye joto, na hurudi juu ikiwa maji yanayochemka au mvuke.

Aliokota pia jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, akanionyesha makali yake, akalirudisha pale pale. Ni obsidiani, lava iliyopoa haraka mno. Watu wa Zama za Mawe walitengeneza visu na vichwa vya mikuki kwa mawe haya, na obsidiani ya eneo la Naivasha imepatikana mbali sana, hadi kaskazini mwa Tanzania. Maana yake ni kwamba watu walitembea au kubadilishana vitu kwa umbali wa mamia ya kilomita, enzi ambazo hatuna jina la mtu hata mmoja aliyeishi. Kulirudisha jiwe pale lilipokuwa ni kanuni ya mbuga, na ilinipendeza kuona kijana akiifuata bila kuangaliwa na mtu.

Sasa niseme la uzito. Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa chini humu mafuriko ya ghafla yalipoingia, na vijana 7 wakafa. Septemba 2019 yalikuja tena, yakaua wageni pamoja na aliyekuwa akiwaongoza. Korongo likafungwa kwa muda. Jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba si lazima mvua inyeshe juu yako. Inanyesha kwenye vilima vya nyuma ambavyo huvioni ukiwa chini. Udongo wa jivu haunywi maji upesi, miteremko ni mikali, na maji yote ya eneo pana yanaelekezwa kwenye ufa wa mita chache. Unakuwa kwenye mchanga mkavu, jua linakuwakia, halafu unasikia ngurumo na muda wa kupanda huna. Mwongozaji alinionyesha sehemu za dharura ambazo mtu anaweza kukwea kutoka, na nikaona alama za maji ukutani, juu ya kichwa changu kwa mbali. Mawingu yalipoanza kukusanyika baada ya saa saba, alisema tupande. Tulipanda. Sikuuliza kama tunaweza kufika mbele kidogo.

Huko juu, njia inaendelea hadi Olkaria, na hapa mbuga inageuka kuwa kitu ambacho hukutarajia: mabomba ya chuma yanayopita vichakani, vinu, na minara ya mvuke mweupe. Mitambo ya kwanza iliwashwa mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya mahali hapa kutangazwa mbuga, kwa hiyo si kweli kwamba umeme ulivamia mbuga, vilikua pamoja. Visima huchimbwa kilomita mbili hadi tatu kwenda chini, mvuke hupanda kwa nguvu zake na kuzungusha mitambo ya kampuni ya KenGen, na maji yanayobaki hurudishwa ardhini. Leo umeme wa mvuke ni zaidi ya asilimia 40 ya unaozalishwa nchini, na Kenya iko miongoni mwa nchi 10 zinazoongoza duniani katika nishati hii. Ukame ukija na mabwawa ya umeme ya Mto Tana yakipungua, Olkaria haipungui. Mahali pengine mabomba yameinuliwa juu kama lango ili twiga wapite chini yake. Nilimwona mmoja akipita.

Sitaki kuandika kana kwamba umeme huu ni adui. Ninapoandika taa inawaka kwa sababu yake. Lakini una gharama, na gharama hiyo haijagawanywa sawa. Mwaka 2014, wakati mtambo wa Olkaria IV ulipojengwa, familia za Kimaasai zilihamishwa na kupelekwa mahali panapoitwa RAPland. Wakazi walipeleka malalamiko yao hadi kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakieleza kuhusu ubora wa ardhi, barabara na fidia, na ikabidi usuluhishi ufanyike. Visima vinavyoongezeka pia vinasogea karibu na majabali ambayo tumbusi wanalelea makinda. Kilomita 68 za mraba ni eneo dogo sana la kuweka mitambo, barabara za malori, magari ya mashindano ya Safari Rally ambayo mwaka 2021 yalimalizia humu, na bado ukatarajia ndege adimu azae kwa utulivu. Tutafika mahali pa kuchagua, na naona bora uchaguzi huo ufanywe hadharani: taarifa za athari kwa mazingira zisomwe kwa Kiswahili na Kimaasai, Naivasha na Olkaria, kabla kisima kipya hakijaanza kuchimbwa.

Kurudi Lango la Elsa jioni ni rahisi kiasi, upepo ukiwa mgongoni. Nilikutana na kundi la wanafunzi kwa miguu, vumbi tupu, wakibishana kama mwamba wa mbele ni mrefu kuliko jengo la shule yao. Watu wa ng'ambo wamekuja hapa kupiga picha za filamu, ikiwemo ile ya Lara Croft ya mwaka 2003, na hilo hutajwa kila mara mbuga hii inapotangazwa. Kwangu mimi wanafunzi wale ni tangazo kubwa zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata Jumamosi moja, nenda. Toka Nairobi mapema, beba maji ya kutosha kwa kuwa ndani hakuna pa kununua kwa urahisi, vaa viatu vinavyoshika mwamba, na mwachie mtu nyumbani habari ya unakokwenda na saa unayotarajia kurudi. Mlipe vizuri kijana atakayekushusha korongoni. Kaunti ya Nakuru na KWS nao waangalie jinsi ya kuwapa wakazi wa Karagita, Kamere na Olkaria siku zao za kuingia bila malipo, kwa sababu wanaoishi mlangoni ndio wa kwanza kuombwa kuilinda. Na kama mvua imenyesha au inatishia kunyesha upande wowote wa Naivasha siku hiyo, panda baiskeli, tazama tumbusi, lakini usiingie korongoni.